Kigari cha porini barabarani: Arizona au California?

Ukinunua kigari cha porini kama Polaris RZR (kigari kidogo cha magurudumu manne cha kuendesha kwenye udongo na mchanga) huko Marekani, jimbo unaloishi ndilo litakaloamua kama utaenda nacho dukani. Arizona inaruhusu: funga honi, kioo cha kutazamia nyuma, taa za breki na taa ya namba, kata bima, kisajili kwa matumizi ya barabarani. Kama hakina kioo cha mbele, dereva lazima akinge macho.

California, ng'ambo ya Mto Colorado, haikisajili kwa barabara hata ukifunga vyote hivyo. Utapewa stika ya kukitumia porini tu, kisha ukibebe kwa trela mpaka mchangani.

Mimi ningechagua Arizona, lakini kwa mwendo wa taratibu kabisa. Matairi ya kigari hiki yenye meno makubwa yametengenezwa kwa udongo, na kwenye lami kona ya ghafla inaweza kukipindua.