Epson L3250 kwa steshenari ya Dodoma: zijue batani kabla hujaita fundi

Naitumia hii printa huku Ng'ong'ona, jirani kabisa na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na kwa kazi za steshenari ndogo naipa maksi za juu. Shida yangu ni duka nililonunulia, walinipa boksi na risiti basi, hakuna aliyenionyesha batani hata moja inafanya nini, na mashine yenyewe haina kioo, ni alama na taa tu, sasa mtu asiyezijua si atakuwa analipa fundi kila wiki kwa kitu cha kubonyeza mwenyewe jamani.

Batani ya maana kuliko zote ni ya kusitisha kazi. Zima mashine, halafu iwashe huku umeishikilia hiyo, itakutolea karatasi yenye vimistari vya rangi nne. Itazame karibu na dirisha kwenye mwanga: vimistari vikiwa vizima kichwa, yaani ile sehemu inayotoa wino kwenye karatasi, kiko poa, ukiona mapengo ujue kuna matundu yake yameziba. Hapo unaishikilia batani hiyohiyo kama sekunde 5 mpaka taa ya pawa ianze kuwakawaka, inajisafisha yenyewe. Ila usifanye mchezo wa kurudiarudia, kusafisha kunakula wino, ukifika mara tatu bado mapengo yapo basi iache bila kuprinti masaa 12 ndo ujaribu tena, hivyo ndivyo Epson wenyewe wanavyoelekeza.

Nalikomalia hili kwa sababu Dodoma yetu ni kavu, kiangazi kikishika ni upepo na vumbi mpaka ndani ya kaunta, na wengi jioni wakifunga wanazima palepale ukutani. Usifanye hivyo! Zima kwa batani ya mashine, utasikia kichwa kinarudi pembeni kwenye kifuniko chake, subiri taa iache kuwakawaka ndo uguse swichi ya ukutani. Kikibaki katikati kinalala wazi na wino unakauka kwenye matundu. Na ukimaliza funika kitambaa.

Kopi ni rahisi, batani mbili, ya nyeusi na ya rangi. Mteja akileta cheti cha kuzaliwa anataka kopi tano unabonyeza mara tano harakaharaka, kila mbonyezo usizidi sekunde moja toka uliopita, inahesabu yenyewe mpaka 20.

Kingine wengi hawakijui, ukishikilia batani ya Wi-Fi pamoja na ile ya ripoti ya mtandao inafungua Wi-Fi Direct, simu inaunganika na printa moja kwa moja bila ruta, kwa hiyo hata bando likiisha kazi iliyo kwenye simu inatoka. Na kama umebadilisha ruta na printa imegoma kuunganika, izime, iwashe huku umeshikilia hiyo ya ripoti, mipangilio yote ya mtandao inafutika unaanza upya.

Wino ndo utamu wake. Kwa mahesabu ya Epson chupa ya nyeusi inafika kurasa 4,500, na za rangi kwa pamoja 7,500. Kiwango unakiona kwa macho kwenye matenki mbele, usiache ushuke chini ya mstari wa chini, ongeza mapema.

Msimu wa ripoti za field lazima uwe na subira, kasi ni kama kurasa 10 kwa dakika kwa nyeusi, trei inabeba karatasi 100, na kugeuza upande wa pili ni kwa mkono. Mwenye foleni kubwa kila siku atafute mashine nzito zaidi, hii sio saizi yake.

Kama unanunua iliyotumika, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aiwashe mbele yako huku ameshikilia batani ya kusitisha, karatasi ya vimistari ikitoka na mapengo bei ishuke au uondoke.