Kisanduku cha pini tisa: msaada wake kompyuta ya injini ya lori inapokataa kuwasiliana

Adapta ya kuunganisha laptopu na lori imechomekwa, swichi ya lori imewashwa, na laptopu inang'ang'ania kwamba haioni injini. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Fundi hubadilisha adapta, huweka programu upya, mwishowe huagiza kompyuta ya injini, kumbe ugonjwa uko kwenye waya mbili zilizosokotwa na vipingamizi viwili vya omu 120. Kisanduku cha kupimia cha pini tisa kimetengenezwa kwa ajili ya saa hiyo. Unakichomeka kati ya soketi ya uchunguzi ya lori na adapta yako. Usoni kina matundu tisa ya milimita 4 ya kuingiza ncha za mita, yenye herufi A hadi J (herufi I hairukwi kwa bahati mbaya, haitumiki kabisa), na safu ya taa za LED.

Tunashauri ukinunue kabla ya kufikiria adapta ya pili. Ila taa zake usiziamini sana, na usidhani kwamba kinaliona lori zima.

Faida yake kubwa ni kwamba unapima huku adapta ikiendelea kufanya kazi. Bila kisanduku, fundi huchokonoa soketi kwa ncha ya mita, huku mkono mmoja ukishika tochi, na ncha ikiteleza kutoka C kwenda B hugusanisha waya ya data na betri. Mguso wa sekunde moja unaweza kuua chipu ya mawasiliano ndani ya kompyuta. Kwenye kisanduku kila pini iko mbali na mwenzake, na mikono yako iko huru.

Mpangilio wa pini ni huu kwa malori mengi yanayofuata SAE J1939, kanuni ya mawasiliano ya kompyuta za malori: A ni hasi ya betri, B ni chanya, C ni waya ya juu ya CAN (mtandao wa data unaounganisha kompyuta za lori), D ni CAN ya chini, E ni kinga ya waya. F na G kwa malori ya zamani ni njia ya J1708, mtandao wa data wa zamani, ule wa polepole ya biti 9600 kwa sekunde. H na J huachiwa mtengenezaji wa lori, na kwenye malori mapya hata F na G zinaweza kubeba mtandao mwingine wa CAN. Kwa hiyo mchoro wa lori husika uwe mezani kabla hujaanza kutoa hukumu juu ya pini nne hizo za mwisho.

Kabla ya kukichomeka kwenye lori, pima kisanduku chenyewe. Weka mita kwenye omu, ncha moja C na nyingine D, kikiwa mkononi hakijaunganishwa na kitu. Mita inatakiwa ionyeshe njia iliyo wazi, yaani isiyopitisha umeme. Ikisoma 120, ujue kuna kipingamizi ndani, na baadhi ya visanduku vina swichi ndogo ya kukiwasha. Swichi hiyo ina kazi yake unapojaribu kompyuta moja mezani, lakini ikisahaulika imewashwa, lori zima litasoma omu 40 na utatafuta kipingamizi cha tatu ambacho umekileta mwenyewe. Tungependelea kisanduku kisicho na swichi hiyo kabisa.

Sasa kipimo chenyewe, maana hapa ndipo kifaa kinalipa gharama yake. Zima swichi ya lori, toa waya hasi ya betri, toa adapta kwenye kisanduku, kisha pima kati ya C na D. Njia kuu ya CAN ina terminata mbili, yaani vile vipingamizi vya omu 120, kila upande moja, na kwa kuwa zimeungwa sambamba jibu ni omu 60 au karibu sana na hapo. Namba ikicheza au ikionyesha hasi, kuna kompyuta bado ina umeme. Usisome chochote mpaka itulie.

Ukipata 120, terminata moja haionekani: imetolewa, imeoza kwa kutu, au waya kuu imekatika kabla ya kuifikia. Kujua ni ipi hakuhitaji kubahatisha. Nenda kwenye terminata iliyo rahisi kuifikia uichomoe huku mita ikibaki kwenye C na D. Namba ikiruka kuwa wazi, umechomoa ile iliyokuwa nzima, hivyo ugonjwa uko upande wa pili. Ikibaki 120 bila kutikisika, uliyoishika ndiyo isiyoonekana, na uchunguzi unabaki kati yake na njia kuu. Terminata za Deutsch (chapa ya viunganishi) za pini tatu, kama DT06-3S-P006, huzipima mkononi: pini zake A kwa B zisome omu 120. Kumbuka pia kwamba baadhi ya malori huficha terminata ndani ya kompyuta ya injini au ya kabini. Humo hakuna plagi ya kuchomoa isipokuwa ya kompyuta nzima.

Lori lenye omu 120 mara nyingi huendelea kutembea, na hilo huwachanganya watu. Mawimbi ya data hurudi nyuma kama mwangwi kutoka kwenye mwisho usio na kipingamizi, na data huharibika mara moja moja: geji zinashuka sifuri kisha kurudi, kruzi inajizima, breki ya injini haikubali, kodi ya hitilafu ya SPN 639 (mtandao wa J1939) inajihifadhi yenye FMI, namba ya aina ya hitilafu, 9 au 19 na kesho haipo. Omu 40 maana yake kuna terminata tatu. Kwa kawaida mtu aliyefunga kifaa cha kufuatilia lori ameongeza yake. Karibu na sifuri, C na D zimegusana. Njia wazi kabisa, waya ya kutoka soketi ya uchunguzi hadi njia kuu imekatika, na hapo injini yenyewe inaweza kuwa haina tatizo lolote.

Ukishamaliza omu, rudisha betri, washa swichi, mita kwenye volti DC. Ncha nyeusi ibaki A. Kwenye njia yenye afya C husoma takriban volti 2.6 hadi 2.8 na D takriban 2.2 hadi 2.4, na ukizijumlisha unapata karibu 5. Hizo ni wastani wa mawimbi yanayopanda na kushuka. Mita haiwezi kuyaona moja moja. Zote zikisimama 2.5 bila tofauti, ama hakuna kompyuta inayozungumza, ama C na D zimeshikana. Zote zikiwa karibu na sifuri, shuku C imegusa chesi, kwa sababu D huvutwa chini kupitia vipingamizi. Zikipanda kuelekea volti za betri, kuna waya iliyochubuka ikaegemea waya ya umeme. Sehemu ya kuanza kutafuta ni pale ambapo mkanda wa waya unapita juu ya giaboksi na kwenye vishikizo vya chesi.

Shoti ikiwepo, acha mita kwenye kisanduku na anza kuchomoa kompyuta moja moja, umeme ukiwa umezimwa, ukisoma omu. Mwenye kisanduku hufanya kazi hii na msaidizi mmoja: mmoja anaita namba, mwingine anachomoa. Namba ikirudi 60, umepata mkosaji au tawi lake, yaani waya inayotoka njia kuu hadi kwake. Ikirudi 120 usishangilie mapema. Huenda umechomoa kompyuta yenye terminata ndani.

Taa za LED sasa. Ile ya umeme huwaka ikiona volti kati ya A na B, nyingine humeremeta pakiwa na data kwenye CAN, na visanduku vingine vina nyekundu ya kuonya kwamba umeme umegeuzwa. Zinasaidia kwa mtazamo wa kwanza, basi. LED hunywa miliampea chache tu. Chukua waya ya B iliyooza mpaka ikawa na upinzani wa omu 200: LED inayovuta miliampea 10 inapoteza volti 2 na kuwaka vizuri kabisa, ilhali adapta inayohitaji miliampea 200 haipati umeme wa kuinukia. Mita nayo, ikiwa na upinzani wa ndani wa megaomu 10, itakusomea volti 12 safi kwenye waya hiyohiyo. Dawa ni balbu ya wati 21 ya volti zinazolingana na lori, 12 au 24. Iunganishe A na B kwenye matundu ya kisanduku. Ikiwaka kwa nguvu, fyuzi na ardhi viko sawa. Ikififia, pima volti zilizopotea kati ya chanya ya betri na tundu la B, kisha kati ya hasi ya betri na tundu la A, balbu ikiwa inawaka. Zaidi ya nusu volti upande wowote, hapo ndipo pa kufungua. Balbu hiyo usiiguse kwenye C, D, F wala G kamwe.

Taa ya data nayo humeremeta hata kama nusu ya ujumbe umeharibika. Haijui tofauti ya neno sahihi na kelele.

Udhaifu unaostahili kutajwa kwa sauti ni huu: kisanduku huona njia kuu kutoka soketi ya uchunguzi, hakioni tawi lililokatika. Kompyuta ya ABS ikikatikiwa waya ya CAN kwenye tawi lake, terminata zote mbili bado ziko mahali pake, kwa hiyo C na D zitasoma 60 nzuri kabisa na volti zitakuwa sahihi. Omu 60 haimwachii huru mshtakiwa yeyote aliye kwenye tawi. Hapo adapta inarudi kazini. Programu yoyote inayosoma J1939 itakuonyesha anwani zinazozungumza: injini ni 0, giaboksi 3, breki 11, dashibodi 23. Anayekosekana kwenye orodha ndiye unayemwendea, na kwenye plagi yake unarudia vipimo vilevile: omu 60 kati ya waya mbili za CAN, balbu kwenye umeme na ardhi yake. Kama hayo yote ni mazima na bado yuko kimya, sasa una sababu ya kuishuku kompyuta.

Kwa J1708 kisanduku kinatosha kwa ukaguzi wa juu juu. Usitafute omu 60 kati ya F na G, haipo. Njia hiyo haina terminata za namna hiyo. Swichi ikiwa imewashwa F isome juu kuliko G, na zote ziwe na uhai wa namba zinazocheza kidogo.

Kwenye kununua, angalia rangi kwanza. Soketi nyeusi ni ya CAN ya kilobiti 250 kwa sekunde, ya kijani ni ya 500. Plagi ya kijani huingia kwenye zote mbili, nyeusi haiingii kwenye kijani. Chagua kisanduku chenye plagi ya kijani. Wapo wanaokwangua kizuizi cha plagi nyeusi ili iingie kwa nguvu. Kizuizi hicho kimewekwa kwa sababu kifaa kinachozungumza kwa 250 kwenye njia ya 500 hutapika makosa mpaka kompyuta nyingine zinyamaze. Pili, urefu wa kebo. Kisanduku chenye kebo ya mita 2, ukikiongezea kebo ya adapta, kimekuwa tawi refu, wakati J1939-11 inaruhusu tawi la mita 1 tu kwa kompyuta zilizofungwa kwenye lori. Kwenye 250 mara nyingi utasamehewa, kwenye 500 unaweza kujitengenezea ugonjwa mpya. Kebo ya nusu mita inatosha, na C na D ziwe zimesokotwa ndani yake. Uliza, au fungua kisanduku uone.

Tatu, vishikio vya ndani ya plagi. Pini ziko upande wa lori, vishikio vya kike viko upande wa kisanduku, na vya bei ya chini hulegea baada ya kuchomekwa mara nyingi. Ukinunua kinachotumia vishikio vya Deutsch saizi 16, kama 0462-201-16141, vikilegea utavibadilisha kwa koleo la kubania na kuendelea. Vilivyomiminiwa plastiki moja kwa moja, unatupa plagi nzima. Jaribu kila mwezi kwa pini mpya ya 0460-202-16141: iingize kwenye kila kishikio na uivute. Inatakiwa ikushike kidogo kabla ya kutoka. Inayoteleza yenyewe ndiyo itakayokusomea njia iliyokatika kwenye lori zima.