"Radio Free Europe" ya R.E.M.: toleo la 1981 au la 1983?

Mashabiki wa R.E.M., bendi ya Athens, Georgia, hawaishi kubishana kuhusu singo yao ya kwanza, iliyotolewa na lebo ndogo ya Hib-Tone mwaka 1981, kisha ikarekodiwa upya kwa ajili ya albamu ya "Murmur" ya 1983.

Kwa kasi na msisimko, toleo la kwanza linashinda: lilirekodiwa katika studio ya mtayarishaji wa muziki Mitch Easter, iliyokuwa kwenye gereji ya wazazi wake, na linakwenda mbio kama kwamba wapigaji wanaogopa tepu itawaishia. Hilo ndilo Maktaba ya Bunge la Marekani ililoliteua kuhifadhiwa.

Kwa usafi wa sauti, la pili liko mbele; Easter na mtayarishaji mwenzake Don Dixon walipunguza mwendo, besi na ngoma zikasikika kila moja mahali pake, nalo likafika nafasi ya 78 katika chati ya Billboard Hot 100. Maneno ya mwimbaji Michael Stipe hayashikiki vizuri katika lolote kati ya hayo mawili, na sioni kuwa ni hasara.

Anayetaka bendi ya jukwaani achukue la 1981. Anayesikiliza albamu nzima kwa utulivu, la 1983 litamfaa zaidi.