Kuhamisha kituo cha kura Kenya: humfaa aliyehama, si aliye safarini

Kenya itapiga kura tena Jumanne, 10 Agosti 2027. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na Agosti ndio mwezi ambao kazi huwashika watu wengi mbali na kwao. Hoteli za Diani na Watamu zina wageni, kambi za Maasai Mara ziko katikati ya msimu wa nyumbu, na malori yaliyotoka bandari ya Mombasa yamepanga foleni Malaba na Busia, mpakani na Uganda. Kwa watu wote hawa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ina huduma moja ya kuwasaidia: kuhamisha usajili kutoka kituo cha zamani hadi kingine. Asiyehama hubaki na njia ya pili, kufunga safari. Zote mbili zina uzuri wake na mitego yake.

Tuanze na jambo linalowaponza wengi. Kenya haina kura ya posta, wala msafiri hana siku ya kupiga kura mapema. Kura yako iko kwenye kituo kimoja tu, na ukiwa mji mwingine siku hiyo, kitambulisho chako hakikufungulii mlango wowote. Kwa hiyo uamuzi unafanywa miezi kabla, si wiki ya uchaguzi.

Kuhamisha kwenyewe ni kazi nyepesi, na hapo tume inastahili sifa. Unakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge unakohamia, ukiwa na kitambulisho halisi, nakala haikubaliwi. Karani anakutafuta kwa namba ya kitambulisho, anathibitisha alama za vidole, unachagua kituo, unatia sahihi, unapewa karatasi ya kuthibitisha. Hulipi hata senti, kwa hivyo anayekuomba "ya chai" anakuibia. Usajili endelevu wa wapiga kura ulirejea 29 Septemba 2025, na kuhamisha kunafanyika humo humo. Hakuna kuhamishiwa na ndugu wala mwajiri, hata akiwa na kitambulisho chako mkononi, kwa sababu vidole ni vyako.

Kosa la kawaida ni kutaja mtaa badala ya kituo. Wafanyakazi wawili wa bandari wanaweza kupanda matatu moja kila asubuhi na wakapiga kura maeneo bunge mawili: wa Miritini yuko Jomvu, wa Port Reitz yuko Changamwe. Nenda ofisini ukiwa na jina la shule au ukumbi unaotaka, na muulize karani kituo hicho kiko wadi gani kabla hajahifadhi. Wadi ikikosewa, utamchagua mwakilishi wa watu usioishi nao kwa miaka mitano.

Kosa la pili ni muda. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi la kuhamisha lifike siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa 10 Agosti 2027 hiyo ni 12 Mei, na usiihesabu kama siku ya kwendea ofisini, ihesabu kama ukuta. Wiki za mwisho foleni huwa ndefu na mashine hulemewa. Januari au Februari, mara tu baada ya sikukuu, ofisi hizo hupumua.

La tatu ni kutokagua jina lako kwenye daftari la wapiga kura. Kabla ya uchaguzi wa 2022 kulikuwa na malalamiko ya wapiga kura waliokuta wamehamishiwa vituo wasivyoviomba. Mwaka huo ukaguzi ulifanyika Mei, na mtu aliweza kutuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000. Dirisha la ukaguzi likifunguliwa, kagua siku ya kwanza, si ya mwisho, na uhifadhi picha ya jibu kwenye simu. Ukikuta jina lako liko kwingine, rudi ofisini na ile karatasi uliyopewa. Bila karatasi hiyo ni neno lako dhidi ya mtambo.

Sasa, nani ahame? Kuhama kura ni kuhama na karatasi zote sita. Ya rais ni ileile popote ulipo, lakini gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi ni wa mahali papya. Mhudumu wa hoteli mzaliwa wa Kakamega ambaye kwa miaka kadhaa anapanga nyumba Ukunda, watoto wanasoma hapo na zahanati ni ya hapo, ana sababu zote za kumchagua gavana wa Kwale. Anayekuja kwa kandarasi ya msimu asihame. Kandarasi ikiisha Juni atajikuta Kakamega na kura yake Kwale, na mlango wa kurudi umeshafungwa. Hapa ndipo huduma inapopungua: imetengenezwa kwa aliyehama makazi, na haimjui mtu ambaye makazi yake hayajahama ila mwili wake uko kazini.

Dereva wa masafa marefu ndiye anayeumia zaidi. Anaondoka Mombasa, analala Mariakani au Mlolongo, anakaa siku mbili mpakani, kisha Kampala au Kigali. Ushauri wetu kwake ni kujiandikisha karibu na yadi ya kampuni, mahali anapopakia na kurudi, na si kijijini. Tena azungumze na mwajiri mapema ili mzigo wa wiki hiyo upangwe aweze kuwa upande wa Kenya Jumanne. Sheria ya makosa ya uchaguzi inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kutosha kwenda kupiga kura bila kumkata mshahara. Muda huo unamtosha mtu aliye kilomita tatu na kituo. Haumtoshi aliye Kigali.

Wengine hudhani ubalozi utawasaidia wakiwa nje. Haumsaidii aliye njiani. Mwaka 2022 Wakenya wa ughaibuni walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Qatar na Falme za Kiarabu, lakini ni wale tu waliokuwa wameandikishwa huko: watu 10,443 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Nao walipewa karatasi moja tu, ya rais. Aliyeajiriwa Doha kwa mkataba mrefu afikirie jambo hili kwa uzito, kwa sababu akijiandikisha huko anaiacha kura ya gavana na mbunge wa kwao. Ukirudi nchini, unahitaji kuhamisha upya kabla ya zile siku 90.

Tuje kwenye safari. Mfano wetu ni njia ya Pwani hadi Magharibi, ambayo wafanyakazi wa hoteli, walinzi na mafundi wengi huitumia. Hatua ya Mombasa hadi Nairobi, treni ya reli ya kisasa, SGR, ina faida moja inayoshinda zote: nauli yake haipandi kwa sababu kesho ni uchaguzi. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, safari nzima. Tiketi zinanunuliwa kwenye tovuti ya shirika la reli au kwa *639#, na malipo ni kwa M-Pesa. Ya asubuhi husimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na stesheni nyingine, hivyo ni ya kuchagua tu kama unapandia au kushukia katikati. Ya alasiri na ya usiku hukimbia zaidi. Fika Miritini saa nzima kabla, maana mizigo hukaguliwa na mbwa na kupita kwenye mashine, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane na kitambulisho.

Udhaifu wa treni ni Syokimau. Unashushwa nje ya mji, na basi la Kakamega, Kisumu au Bungoma linaondokea katikati ya Nairobi. Mwenye begi moja atavuka kwa treni ya kuunganisha bila taabu. Mwenye watoto na magunia, basi la moja kwa moja kutoka Mombasa ni bora hata likiwa ghali, kwa sababu kubadilisha gari Nairobi usiku wa kuamkia wikendi ya uchaguzi ndiko watu hupoteza mizigo na pesa. Nauli za mabasi hupanda kadiri siku inavyokaribia, na Jumatatu usiku ndio usiku mbaya kuliko zote. Ondoka Ijumaa au Jumamosi. Basi likiharibika Salgaa siku ya Jumamosi, bado una siku mbili. Likiharibika Jumatatu usiku, kura imekwenda.

Chunga kitambulisho njiani kama unavyochunga nauli. Kikipotea, kingine hakitoki kwa siku mbili, na ile karatasi ya kusubiria haipigi kura. Aliyejiandikisha kwa pasipoti aje na pasipoti ileile.

Kituoni, milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa kwenye foleni wakati huo anahudumiwa. Shule kubwa hugawanywa mikondo, kila mmoja usiozidi watu 700, kwa mpangilio wa herufi za majina. Soma orodha ukutani kabla ya kupanga foleni, la sivyo utasimama saa mbili ukaambiwa mkondo wako uko darasa la pili kushoto. Jambo lingine linawahusu hasa watu wa kazi za mikono: saruji, sabuni kali za jikoni na dawa za kufulia hula alama za vidole, na mashine ya kutambua inaweza kukukataa. Usiondoke. Karani ana njia ya kukutafuta kwa namba ya kitambulisho, na unajaza fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea. Mashine ikizima kabisa, daftari la karatasi lipo, ila hutumika kwa idhini ya tume tu. Mwaka 2022 lilitumika sehemu za Kakamega na Makueni.

Kuhusu kurudi kazini, omba likizo yenye nafasi. Matokeo ya rais yana hadi siku saba kutangazwa. Mwaka 2022 yalitoka 15 Agosti kwa kura ya 9 Agosti, na siku hizo za kungoja mabasi hupungua. Usinunue tiketi ya kurudi ya Jumatano kama hairuhusu kubadilishwa.

Mwajiri naye anapaswa kuelezwa kwamba kura moja inaweza kuzaa nyingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais 1 Septemba, na nchi ikarudia 26 Oktoba. Iwapo hakuna mgombea aliyepita nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30. Na kwa njia hii hii ya Mombasa na Kakamega, 2022 ilikuwa chungu: siku moja kabla ya kupiga kura, uchaguzi wa magavana wa kaunti zote mbili ulisimamishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na picha za wagombea wasio sahihi, ukafanyika 29 Agosti. Aliyekuwa ametoka Mombasa kwenda Kakamega alipiga kura tano akarudi, na ya sita ikamngoja wiki tatu baadaye, upande wa pili wa nchi. Ukipanga likizo ya 2027, usitumie siku zako zote za mwaka kwa Agosti peke yake. Bakiza siku nne au tano hadi mwisho wa Oktoba.