Uso wa baba yangu umegeuka mkeka

"Mzee, mashine haikosei. Labda ni macho."

Macho! Macho haya yamepima mbao hapa Busia tangu kijana huyo hajazaliwa. Aliniambia hivyo ndani ya duka moja la kuchonga picha kwa leza, maeneo ya Nasser Road, Kampala, huku anachezea simu. Mwanzoni, aliposikia naongea Kiswahili, aliniuliza kama mimi ni askari, maana kwao Kiswahili ni lugha ya jeshi. Nikacheka, nikajua tutaelewana. Hatukuelewana.

Nilipeleka ubao wa mvule. Wenye kujua mbao wataelewa kwa nini naanza na ubao. Mvule siku hizi hauokotwi. Kipande kile nilikitunza karakana miaka na miaka, nikakipiga randa kwa mkono wangu pande zote mbili, nikapitisha msasa mara tatu. Nilitaka kiwekwe sura ya marehemu baba, sentimita 15 kwa 20, tukitundike sebuleni siku ya kuondoa matanga. Elfu tisini nikatoa taslimu, sikuomba kupunguziwa hata mia tano.

Picha ilipotoka niliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kwenye paji la uso na mashavu kuna michirizi ya mlalo, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, imepishana kama ukili. Ndevu alizokuwa akizichana kila asubuhi zimeungana na kola ya shati. Nikamwita kijana. Akautazama ubao kidogo, akasema kwamba mistari ya leza imeachana mno, kwa hiyo ataisogeza. Akageuza ubao upande wa pili, akashusha nafasi kati ya mistari kutoka milimita 0.1 hadi 0.05. "Ikikaribiana ndiyo picha inakuwa safi." Basi nikakaa kwenye benchi lao nikinusa moshi, safari hii muda mara mbili ya ule wa kwanza. Baba akatoka mweusi tii, macho hayaonekani, kama mtu aliyepigwa picha usiku taa imezimika. Ubao mmoja, pande zote mbili zimeharibika. Nilipolalamika ndipo nikaambiwa habari ya macho.

Nisingejua kosa liko wapi kama si binti mmoja hapa Busia, ana mashine ndogo ya leza kwenye veranda ya duka la simu. Alipiga picha ule upande wa michirizi, akaivuta kwenye simu mpaka nukta zikaonekana moja moja. "Baba, hii picha waliigeuza nukta nyeusi na nyeupe kabla, kwa kipimo kingine. Halafu mashine ikachoma kwa kipimo chake."

Akanifanyia hesabu nyuma ya risiti. Inchi moja ni milimita 25.4. Picha iliyotengenezwa kwa nukta 300 kwa inchi, ikiwa na kimo cha sentimita 20, ina safu 2,362 za nukta. Mashine iliyowekwa milimita 0.1 inachora mistari 254 kwa inchi, yaani mistari 2,000 tu kwa kimo hicho. Safu 362 zitaenda wapi? Zinarukwa. Kila baada ya safu sita au saba inaanguka moja, tena kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio unaofuma mkeka juu ya uso wa baba yangu. Dawa yake ni kuikata picha kwa ukubwa wa mwisho, kuiweka kwenye nukta 254 kwa inchi ikiwa bado ya kijivu, ndipo igeuzwe nukta, na baada ya hapo isivutwe wala kubanwa tena.

Na ule weusi? Hapo sikuhitaji kuelezwa sana. Mwale wa leza una unene wake. Wa mashine ya huyu binti ni kama milimita 0.1. Ukipitisha mwale kama huo kila milimita 0.05, kila sehemu inaungua mara mbili, na nafasi nyeupe kati ya nukta zinakufa. Hata mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza anajua kwamba patasi ya inchi moja haichongi mfereji wa nusu inchi.

Binti alichukua kipande cha mbao chakavu, akachoma visanduku vidogo vinne, kila kimoja kwa nafasi yake kati ya mistari, milimita 0.08, 0.1, 0.12, 0.15, akapangusa majivu kwa mswaki wa zamani, akaniambia nichague. Dakika chache tu. Wale wenye mashine kubwa walishindwa nini?

Lakini nisiwasingizie kwa kila kitu. Picha niliwatumia kwa WhatsApp, nayo ilikuwa imekamuliwa mpaka upana wake haufiki hata nukta 800, wakati kwa sentimita 15 zilihitajika 1,500. Binti huyo huyo alinigombeza kwa hilo. Na mvule, nakiri kwa shingo upande, ni mti wa kahawia. Mbao nyeupe ingeonyesha vivuli vizuri zaidi. Pia jina la baba na mwaka wake wa kuzaliwa, walivyovichonga chini ya picha, vimetoka safi kabisa, herufi zina kingo kali kama zimekatwa kwa wembe. Kwa maandishi, sijaona kazi nzuri kama ile. Ukitaka kibao cha ofisi, nenda kwao.

Au usiende. Nikikumbuka yule kijana na simu yake, naona hata kibao cha banda la kuku nisingewapa. Kukosea ni sehemu ya kazi, mimi mwenyewe nimewahi kukata mlango ukawa mfupi kwa vidole viwili. Nilimrudishia mwenye mlango fedha zake, sikumwambia akapime macho.

Dada yangu ameuchukua ule ubao. Anasema ukisimama mbali, huku mlangoni, michirizi inapotea na baba anaonekana sawasawa, hata lile tabasamu la upande mmoja. Nilikwenda nikasimama. Ni kweli, anaonekana. Ukipiga hatua tatu kumsogelea, mkeka unarudi.

Elfu tisini zangu bado wanazo.