Sanduku la kioo la tarantula wa mtini: hewa ni nzuri, kasoro ni kifuniko

Sanduku ninalolizungumzia ni lile la kioo lenye upana na kina cha sentimita 20 na kimo cha sentimita 30, ambalo maduka ya wanyama wa kufugwa hapa Ujerumani huliuza kwa ajili ya mijusi na vyura wadogo, na ambalo wafugaji wa tarantula wa mitini, yaani buibui wakubwa wenye manyoya wanaoishi juu ya miti, hulipendea kimo chake. Jina la kiwanda ninaliacha, kwa kuwa kasoro yake ni ya mtindo unaotumiwa na viwanda vingi.

Kwangu anakaa humo jike la Caribena versicolor, buibui wa kisiwa cha Martinique katika Karibi, ambaye akiwa mtoto huwa wa buluu, kisha kadiri anavyojivua gamba hugeuka kijani mgongoni na mwekundu wa kuiva tumboni. (Kwetu Afrika Mashariki nako wapo wa mitini, kama Encyocratella olivacea wa Tanzania, ila wageni humjua zaidi Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa wa Usambara, ambaye ni mkali na simshauri anayeanza kumfuga.)

Jambo linalomdhuru mno versicolor ni unyevu uliofungiwa mahali pasipo na mzunguko wa hewa, na wafugaji wengi huhusisha vifo vya watoto wake na ushauri wa zamani wa kuwalowesha kila mara. Hapa ndipo sanduku hili linapostahili sifa: chini ya mlango kuna ukanda wa matundu na juu kuna wavu, hivyo hewa yenye joto hupanda na kutoka huku nyingine ikiingia kwa chini, na maji niliyonyunyiza ukutani jioni huwa yamekauka asubuhi. Bakuli dogo la maji na unga wa makumbi ya nazi sakafuni vinatosha kwa yaliyobaki.

Mlango wa mbele nao ni faida, kwa sababu buibui huyu hufuma handaki lake la utando juu kabisa, na mkono unaoingia kwa chini kumpelekea nyenje haumvunjii nyumba wala kumkurupusha aruke. Inafaa tu gome la mti lisimamishwe kwa kuegemezwa nyuma, likiwa na majani ya plastiki karibu na kilele, ili asije akafunga utando wake kwenye mlango wenyewe.

Kifuniko ndicho kibaya. Wavu wake wa chuma una vitundu vidogo vinavyonasa kucha, na usiku mmoja nilimkuta amening'inia kwa mguu mmoja, ncha yake ya waridi ikiwa imekwama, huku mingine saba ikipapasa kioo bila kupata pa kushika. Nilimwinulia gome chini ya tumbo hadi akajinasua mwenyewe, maana kumvuta kungeweza kuung'oa mguu. Wavu niliutoa, nikaweka bamba la akriliki lililotobolewa kwa keekee vitundu vingi vya milimita 3, na hewa haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kwa bei inayozidi euro 40, kazi hiyo ilipaswa kufanywa kiwandani.

Ukuta wa povu gumu uliochongwa mfano wa mwamba nao uondolewe, kwa sababu nyenje hujificha nyuma yake na kufia huko, na nafasi za kupitishia waya zizibwe. Watoto wa buibui wasiwekwe humu kabisa. Hao wanahitaji kopo la plastiki lenye vitundu pande mbili zinazotazamana, hadi miguu iliyonyooshwa ifikie kama sentimita 7. Jike mzima, ambaye hufika sentimita 12 na zaidi, hutosha humu, lakini kwa Poecilotheria, kundi jingine la tarantula wa mitini, walio wakubwa zaidi na wenye mbio za kushtua, ni heri kulipia lile la 30 kwa 30 kwa 45, ambalo kwa bahati mbaya lina wavu uleule.