Tangazo la kifo redioni: nyota tatu kati ya tano

Watu wanaandika maoni ya chipsi kuku na saluni za kucha. Mimi naandika ya huduma tuliyoilipia babu alipofariki: tangazo la kifo redioni. Kituo sikitaji. Nasoma uandishi wa habari Dar es Salaam na sitaki kufungiwa milango ya kazi kabla sijaigonga.

Najua mtaniuliza, redio ya nini wakati kuna WhatsApp? Kweli, kundi la ukoo lilijua usiku uleule. Ila kundi la ukoo lina watu ambao ukoo unawajua. Babu alizaliwa kwenye nyumba ya Kiislamu huko Mlalo, Lushoto, akabatizwa Mlutheri akiwa kijana, akafanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, halafu akarudi milimani kuzeekea. Hapo katikati kuna watu ambao hata baba hawajui, na wengi wao wana redio, bando hawana. Mwenyewe babu alikuwa mtu wa redio. Enzi za RTD, kabla haijawa TBC Taifa, matangazo ya vifo yakianza aliinua kidole tu, nyumba nzima kimya.

Tuanze na mapokezi. Dada aliyenihudumia alinipa pole ya kweli, akanivutia kiti, ndipo akatoa fomu. Wanadai barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri, maana aliniambia wapo wanaowatangazia vifo watu wazima na afya zao, kisa ugomvi wa viwanja. Malipo ni kwa idadi ya maneno, unalipa kwa simu, wanasoma asubuhi, mchana na jioni. Bei haikufika nauli ya kwenda na kurudi Lushoto. Hapo sina neno.

Kazi ilikuwa kuandika. "Si wewe ndiye mwandishi?" baba alisema, akanisogezea kalamu. Darasani tunafundishwa nani, nini, lini, wapi, vipi na kwa nini. Tangazo la kifo halina haja na hilo la mwisho, na mimi ndilo lililonikaa kooni, kwa sababu babu alishaanza kupata nafuu na usharika mzima ulikuwa unamwombea. Basi nikawa nahesabu maneno. "Bwana ametoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe" ni maneno tisa. Baba ni mzee wa kanisa, hakukubali litoke hata moja. Niliyaandika kwa mkono wangu bila kuyaamini, na sikumwambia.

Ugomvi ukaja kwenye jina. Babu mdogo, nduguye marehemu, amebaki Mwislamu mpaka leo. Muda wote alikuwa mkekani na tasbihi yake, hakuuliza kwa nini maiti inalazwa mochwari kungoja watu wa Dar wakati kwao ingekuwa imeshazikwa. Hilo alilimeza. Aliomba kitu kimoja tu, jina la utotoni la kaka yake litajwe. Baba akasema marehemu alizaliwa mara ya pili, jina la kale la nini, tena linaongeza gharama. Babu mdogo akatoa noti mfukoni mwa kanzu, akaziweka juu ya karatasi yangu. "Mjukuu wangu, mimi simrudishi dini. Nataka anayemjua amjue." Nikaandika "aliyejulikana pia kwa jina la". Jina lenyewe hapa silitaji. Baba akatoka nje.

Usomaji sasa. Mtangazaji ana sauti nzuri, hana haraka, majina hayamezi, na ile "habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo" anaisema kama anawaona. Lakini asubuhi alisoma Mlola badala ya Mlalo. Kwa msiojua, Lushoto kuna Mlalo na kuna Mlola, na kwa milima ile huwezi kusema utakatiza kidogo tu. Shemeji yetu wa Muheza alifika Mlola, akaulizia msiba, akaonyeshwa msiba, akaketi, akala. Alishtuka kusikia marehemu ni mama. Nilipiga simu kituoni, mchana wakasoma sawasawa, bila neno la radhi.

Siku ya mazishi akaja mzee mmoja mwenye kofia na bakora, anatokea Korogwe, anamuulizia babu kwa jina lile la utotoni. Vijana waliokuwa mlangoni wakamwambia amepotea, hapa hakuna mtu huyo. Babu mdogo akainuka haraka kuliko umri wake. Kumbe mzee huyo na marehemu walikata mkonge pamoja. Mzee akasema kwamba mwezi wa Ramadhani, jua likiwaka, babu akishamaliza kazi yake alikuwa akimfungia yeye matita yaliyobaki, kwa kuwa yeye amefunga. Wakati huo babu alishabatizwa zamani. Wasifu wa marehemu, ambao pia niliuandika mimi, ulikuwa na ubatizo, kipaimara na ndoa, vyote kwa tarehe. Hili halikuwamo. Baba ndiye aliyempeleka yule mzee mbele alisimulie, kabla mchungaji hajaanza neno.

Imani yangu bado haijatulia, na sidhani kama redio inauza dawa yake. Ila nikiulizwa kama zile noti za babu mdogo zilipotea bure, jibu ninalo.

Ukienda, andika jina la kijiji kwa herufi kubwa, taja na tarafa, na msikilize mtangazaji asubuhi ukiwa na simu mkononi. Nyota mbili zimebaki Mlola. Wangeomba radhi hewani, moja ningewarudishia.